Kahawa Iliposhuka Bei: Kazi Mpya Katika Nchi ya Buhaya

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: BEI, MNUNUZI, MFUKO. Yaandike kwa herufi kubwa, ili na walioketi nyuma wayaone. Leo tutayatumia maneno hayo mara nyingi.

Somo la leo ni habari za watu wa mkoa wetu walioanza kazi mpya, kazi za ufundi na za sanaa, wakati fedha ilipokuwa haba. Nimeichagua habari hii kwa sababu najua wamo kati yenu wanaofikiri kuanza kushona, kusuka, kuchonga au kupiga ngoma kwa malipo, na jirani zao wanawaambia, "Ngoja kwanza kahawa ipande bei." Shauri hilo si la kipumbavu. Anayelitoa amekwisha kuona mengi. Lakini na tuwatazame wale waliopatwa na shida hiyo kabla yetu, tuone nani alingoja, nani hakungoja, na kila mmoja alipata nini.

Tuanze na kahawa yenyewe, maana kwetu habari za fedha ni habari za kahawa.

Wazee mnajua kwamba kahawa ilikuwako Buhaya zamani, kabla ya Mzungu yeyote kufika. Haikunywewa. Ilitafunwa. Matunda yalichumwa yakiwa bado mabichi, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha yakafungwa katika maganda makavu ya mgomba. Mgeni akiingia nyumbani, hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu kwa omukago waligawana tunda moja, maana tunda la kahawa lina punje mbili ndani yake, kila mmoja akala punje iliyotiwa damu ya mwenzake. Tena kahawa hiyo iliuzwa mbali, hata Buganda. Angalieni jambo moja hapa, kwa sababu tutalirudia. Aliyeuza kahawa hiyo hakuuza tunda lililotoka mtini tu. Aliuza tunda pamoja na ufundi wa kulipika, kulikausha na kulifunga. Mganda aliyenunua alilipa kwa ajili ya vyote viwili.

Mwaka wa 1890 Wadachi walifika Bukoba, wakiongozwa na Emin Pasha, wakajenga boma. Mwaka wa 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli zikaanza kuchukua mizigo ziwani. Hapo ndipo kahawa ya Bukoba ilipopata njia ya kwenda Ulaya. Watu wakaambiwa wapande zaidi, nao wakapanda. Baada ya Vita ya Kwanza Waingereza walishika utawala, na katika miaka ya 1920 bei ilikuwa nzuri. Kahawa iliezeka nyumba kwa mabati, ikanunua baiskeli, ikalipa ada za shule. Mhaya wa wakati huo aliyekuwa na kibanja kizuri hakuona sababu ya kutafuta fedha mahali pengine. Mimi nisingemlaumu.

Lakini kahawa hii ya kupelekwa Ulaya ilikuwa imeacha ufundi wa zamani. Ilikwenda katika magunia, punje tu. Ladha yake, kukaangwa kwake, kopo lake na jina lake vilitengenezwa ng'ambo, na malipo ya kazi hizo yakabaki huko huko.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1929 biashara za New York, Marekani, zilianguka. Mtu atauliza, New York na Muleba zina uhusiano gani? Tufuate polepole. Kule watu walipoteza fedha, viwanda vikafungwa, wafanyakazi wakafukuzwa. Mtu asiye na kazi hupunguza kwanza vitu anavyoweza kuishi bila ya hivyo, na kahawa ni kimojawapo. Wakati huo huo Brazil, nchi yenye kahawa nyingi kuliko zote duniani, ilikuwa na kahawa tele isiyo na mnunuzi. Serikali yake ikaamua kuiteketeza. Kati ya mwaka wa 1931 na 1944 iliharibu magunia karibu milioni 78. Fikirini: watu walichoma kahawa ili ipungue, wapate kuinua bei. Huku kwetu mkulima aliona mti ni ule ule, jembe ni lile lile, jasho ni lile lile, ila shilingi zimepungua. Kodi ya Serikali haikushuka pamoja na kahawa.

Sasa, watu walifanya nini? Vijana waliokuwa wamesoma kidogo, wenye baiskeli na mizani, waliingia katika uchuruzi. Mchuruzi ni mfanya biashara mdogo anayezunguka. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakinunua kahawa kidogo kidogo, wakiipeleka kwa wenye maduka na maghala. Ilikuwa kazi ya akili, nayo ilihitaji hesabu na kusoma, kama mnavyojifunza ninyi sasa.

Miongoni mwa watu wa juhudi wa siku hizo alikuwako Klemens Kiiza. Yeye ni mmoja wa waliounda chama cha Bukoba Bahaya Union mwaka wa 1924, chama kilichotaka maendeleo ya Buhaya kwa mikono ya Wahaya wenyewe. Katika miaka ya 1930 Kiiza na wenzake waliunda chama cha wakulima wenyeji, ili kahawa iuzwe na wenyewe bila ya kupita katika mikono ya watu wengi. Mwaka wa 1937 palitokea fujo kubwa katika wilaya ya Bukoba juu ya sheria za Serikali za utunzaji wa mikahawa. Watu walikusanyika wakazikataa, na Serikali ikaleta polisi. Chama kikubwa cha ushirika cha kahawa hakikupata kusimama mpaka mwaka wa 1950, kilipoundwa Bukoba Native Co-operative Union, ambacho wazee wengi wanakikumbuka kwa herufi zake, BNCU.

Mimi namheshimu sana Kiiza. Lakini tazameni ubaoni, neno la tatu: MFUKO. Mchuruzi wa miaka ya 1930 alipata fedha kutoka mfuko gani? Wa kahawa. Mwenye duka aliyemwuzia mchuruzi sukari? Mfuko wa kahawa. Fundi cherehani aliyemshonea mwenye duka suruali? Kahawa pia, ingawa yeye hakuwa na mkahawa hata mmoja. Mifuko yote ilijazwa na mti mmoja, kwa hiyo bei iliposhuka mifuko yote ilipungua siku moja. Basi kijana aliyeanza kazi mpya wakati huo, hata kama ni hodari namna gani, alikuwa akimwuzia jirani ambaye naye hana kitu. Hapo ndipo penye shida ya kuanza kazi wakati wa dhiki katika nchi ya zao moja. Ufundi waweza kuwapo, na bidii ikawapo, lakini mnunuzi ameumia kwa ugonjwa ule ule uliokuumiza wewe.

Baada ya Vita ya Pili bei ilipanda tena, ikafika juu sana mwaka wa 1954, kisha ikaanza kushuka mwaka baada ya mwaka. Nchi zinazolima na nchi zinazokunywa zikakutana, zikafanya Mapatano ya Kahawa ya Dunia mwaka wa 1962. Kila nchi ilipewa kiasi chake cha kuuza, ili kahawa isijae sokoni kupita kiasi.

Mwaka uliofuata, 1963, ikaundwa kampuni ya kutengeneza kahawa ya unga pale Bukoba mjini. Jina lake ni TANICA. Miaka michache baadaye kiwanda kikaanza kutoa kahawa ile inayoyeyuka katika maji ya moto, na kopo lake lenye jina la Africafe limekwisha kuonekana katika maduka mengi ya Afrika Mashariki. Kiwanda si kazi ya mtu mmoja mwenye cherehani, hilo nalijua. Kilitaka fedha nyingi, mitambo na wataalamu. Nakitaja kwa sababu ya wazo lililo ndani yake. Punje ni zile zile za kibanja chetu, lakini mnunuzi si yule wa London anayeshika gunia na kutaja bei. Mnunuzi ni karani wa Dodoma, nesi wa Mombasa, dereva anayepita Morogoro alfajiri. Fedha yao haikutoka katika mkahawa. Na tena ufundi ule wa zamani, wa kuuza tunda pamoja na kazi iliyofanywa juu yake, ulirudi nyumbani kwa njia ya chuma na moto. Baadaye vyama vya ushirika vya Kagera vilikuwa miongoni mwa wenye hisa za kiwanda hicho.

Mwalimu, wape wanafunzi dakika moja wanyoshe migongo. Sasa tunafika mahali penye uchungu zaidi.

Tarehe 4 Julai mwaka wa 1989 mapatano yale ya kugawana soko yalivunjika. Kila nchi ikawa huru kuuza kiasi ipendacho, na bei ikaanguka. Mkoa wetu wakati huo ulikuwa tayari na majeraha. Mwaka wa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na vita ikaendelea mpaka 1979. Mwaka wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika Tanzania walionekana katika hospitali ya Ndolage, huko Muleba. Hakuna haja ya kuwaeleza ninyi yaliyofuata. Vibanja vingi vilibaki na bibi mzee na wajukuu, na mkahawa usiopogolewa hauzai vizuri.

Mwaka wa 1994 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, na bei ikaruka juu. Wengi walisema, "Tumepona." Hawakupona. Nchi ya Vietnam ilikuwa imepanda robusta, yaani aina ile ile ya kahawa iliyo nyingi kwetu, na kufika mwaka wa 2000 hivi ilikuwa ya pili duniani baada ya Brazil. Juu ya hayo, mwaka wa 1997 ulitambuliwa katika mkoa wetu ugonjwa wa mnyauko wa mikahawa, ambao hukausha mti mzima ukiwa umesimama. Mwaka wa 2001 wastani wa bei ya kahawa zote duniani ulikuwa kama senti 45 na nusu za dola kwa ratili moja.

Tufanye hesabu pamoja. Kilo moja ni ratili 2 na sehemu kidogo. Zidisheni 45 na nusu kwa 2, mwongeze ile sehemu kidogo. Mmepata ngapi? Karibu senti 100, yaani dola moja kwa kilo. Na huo ni wastani wa kahawa zote, nzuri na za kawaida. Robusta ilikuwa chini ya hapo, na mkulima wa Nshamba alipata sehemu tu ya bei hiyo, baada ya lori, meli, ghala na ushuru kuchukua sehemu zao.

Sasa sikilizeni. Mwaka huo huo wa 2001, kahawa ilipokuwa chini kuliko ilivyopata kuwa kwa miaka thelathini, katika vituo vya mabasi vya Dar es Salaam, Mwanza na Kampala ilisikika sauti ya mwanamke akiimba Kihaya. Watu wasiojua neno la Kihaya waliicheza. Sauti hiyo ilikuwa ya Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba Vijijini, mwaka wa 1976. Kaseti yake iliitwa Maria Salome, na wimbo uliopendwa kuliko zote watu waliuita "Chambua kama Karanga". Hapo kwanza watu waliamini kwamba mwimbaji akitaka soko la nchi nzima lazima aimbe Kiswahili au Kilingala. Yeye akaja na ngoma za kwao, mwendo wa nyimbo za kwao, na lugha ya kwao.

Kwa nini ilifanikiwa? Wengine watasema ni kipaji, nami sikatai. Lakini historia inataka tuangalie na mambo mengine mawili.

La kwanza, mali ile haikutengenezwa siku moja. Nyuma ya kaseti ile kuna mamia ya miaka ya waimbaji wa Buhaya. Mnajua enanga: ubao uliochongwa kama hori, na uzi uliopitishwa juu yake kwenda na kurudi. Wapiga enanga waliimba habari ndefu za mashujaa, kama Rukiza na Kachwenyanja, na za Mugasha mwenye ziwa na dhoruba. Waliimba katika majumba ya Bakama, na Bakama wakawalisha na kuwatunza. Uchifu ulipofutwa mwaka wa 1963, mlinzi wao mkubwa akaondoka. Hiyo nayo ilikuwa dhiki ya biashara, ingawa hatuisomi katika vitabu vya bei. Wengine waliacha. Wengine wakageukia arusi, sherehe na vilabu vya pombe, ambako kila msikilizaji hutoa kidogo. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye ni mtu wa mkoa wetu, alizirekodi na kuziandika tenzi hizo, na kwa kazi yake twaweza leo kuzisoma. Basi ufundi wa kuimba ulikuwa umekwisha kupoteza mnunuzi mmoja na kujifunza kutafuta mwingine, kabla Saida Karoli hajazaliwa.

La pili ni MFUKO. Nani alinunua kaseti? Abiria wa basi, mwenye baa, kijana wa Kariakoo, bibi arusi wa Kampala. Bei ya robusta haikugusa mifuko yao. Nyimbo zilitoka Buhaya, lakini fedha yake ilitoka nje ya Buhaya. Lau angaliuza kaseti zile katika soko la Kamachumu peke yake, mwaka ule wa 2001, nadhani tusingalimsikia.

Hapa kuna jambo linalowahusu ninyi hasa mnaojifunza kusoma na kuandika. Wimbo si kama ndizi. Ndizi ukiuza mkungu, umekwisha. Wimbo waweza kuuzwa mara elfu na kubaki. Kwa hiyo lazima ijulikane ni mali ya nani. Mwaka wa 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki, na kwa sheria hiyo kikaundwa chombo cha kusimamia haki za wasanii, COSOTA. Mwaka wa 2016, miaka kumi na mitano baada ya kaseti ile, Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa wimbo uitwao "Salome", uliojengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli, ukasikika Afrika nzima. Mwaka wa 2017 yeye mwenyewe akarudi na wimbo "Orugambo". Tazameni jinsi mali ya sanaa inavyoendelea kuzaa baada ya miaka mingi. Inamzalia nani? Inamzalia yule aliyetajwa katika karatasi ya mkataba. Mtu atiaye dole gumba juu ya karatasi asiyoweza kuisoma amekubali maneno asiyoyajua. Ndiyo maana mimi hupenda somo la mkataba lifundishwe mapema katika madarasa yetu, mara baada ya mtu kujua kuandika jina lake.

Wamama mtaniuliza, "Mbona umesema habari za kahawa tu, na kahawa ni ya wanaume?" Swali hilo ni la haki. Katika desturi ya Buhaya kibanja na mikahawa yake vilikuwa mali ya ukoo, vikarithiwa na wanaume. Mwanamke alilima omusiri, huko kwenye nyasi za rweya, karanga na njugu, akasuka mikeka na vikapu. Bei ya kahawa ilipokuwa nzuri, kazi hizo zilionekana ndogo. Iliposhuka, mara nyingi zikawa ndizo zinazonunua chumvi na daftari. Mwaka wa 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza iliamua, katika kesi iliyotoka mkoa wetu, kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza sawasawa na mwanamume. Uamuzi huo hufundishwa mpaka leo katika vyuo vya sheria. Lakini hata mkeka una swali lake: je, mnunuzi wake ni jirani anayengoja malipo ya kahawa, au ni mtu mwingine? Mikeka kumi mizuri isiyo na mnunuzi ni mikeka kumi ya kulalia.

Nitataja jambo moja zaidi, na hili halikufanikiwa sana wala halikushindwa.

Mababu zetu walikuwa mafundi wa chuma. Sikilizeni jina la Kamachumu. Katika Kihaya amachumu ni mikuki. Mwaka wa 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walitangaza kwamba karibu na ziwa, katika Buhaya, watu waliyeyusha chuma na kupata chuma cha pua kiasi cha miaka elfu mbili iliyopita, kwa tanuri la udongo na mivuo. Wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri mbele yao ili waone. Ufundi huo uliuawa na jembe la meli. Majembe ya Ulaya yalikuja kwa bei ndogo, mafundi wakazima moto, na wajukuu wakasahau.

Basi mwisho wa miaka ya 2000, wanakijiji wa Katuruka, karibu na Maruku, walijiuliza wafanye nini. Kahawa imeshuka, mikahawa inanyauka. Hata migomba imepata mnyauko wake, ulioonekana Muleba mwaka wa 2006. Wao wana kitu gani ambacho hakiuzwi kwa ratili? Wakasema: tuna historia. Kwao ndiko kwenye Kaiija, mahali patakatifu pa wafua chuma, na mahali pa kale pa Mukama Rugomora Mahe. Wakakusanya habari kutoka kwa wazee, wakatengeneza mahali pa kuwaonyesha wageni, wakaanza kupokea watalii.

Wazo hilo mimi nalipenda. Walitafuta mfuko usiojazwa na kahawa, wakauza kitu ambacho Vietnam haiwezi kukilima. Lakini lazima niseme na upande wa pili. Watalii wengi huenda Serengeti na Zanzibar, na Bukoba ni mbali. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba nyingi za mkoa wetu. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulisimamisha wasafiri dunia nzima. Kumbe mfuko wa mgeni nao hukauka. Kijiji kinachotegemea mgeni peke yake kimebadilisha tu aina ya mvua kinayoingoja. Waliofanya vyema ni wale walioendelea kulima maharage huku wakimwonyesha mgeni tanuri.

Mwaka wa 2024 bei ya robusta ilipanda sana katika soko la dunia, na wengine walisema somo kama hili halina maana tena. Mimi naona kinyume. Kijana wa 1930 aliyetaka kuanza ufundi hakuwa na shilingi ya kununulia uzi. Mwenye akiba ya mwaka mzuri anao uzi, na anao muda wa kuharibu shati la kwanza na la pili kabla ya kushona la tatu linalouzika.

Sasa kazi ya nyumbani. Chukueni daftari. Mstari wa kwanza, andika kazi ambayo wewe ungependa kuianza. Mstari wa pili, andika jina la mtu wa kwanza atakayeinunua. Si neno "watu", andika jina la mtu unayemjua. Mstari wa tatu, andika fedha ya mtu huyo hutoka wapi. Kama mstari wa tatu ni "kahawa", rudi mstari wa pili, ufikiri jina jingine. Waalimu watazikusanya daftari Jumatano. Na ulizeni wazee wa kijiji chenu: mwaka ule kahawa iliposhuka, nani alikuwa na kazi nyingine, na nani alikuwa mnunuzi wake? Majibu yaandikwe kwa maneno yao wenyewe, yaletwe darasani.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma habari za meli za ziwa letu. Kwaherini.